Bipu Hailiwi

Simu ya kwanza katika barabara yetu ilitundikwa kwenye msumari. Msumari ulikuwa umepigiliwa juu ya dirisha la jirani yetu, upande unaotazama ziwa, kwa sababu mtandao ulishika pale tu. Ukiibeba hatua mbili hadi mezani, iligeuka kipande cha plastiki. Jirani aliifumia mfuko wa uzi wa kijani, kama soksi ya mtoto mchanga, akaacha tundu la antena, na kila asubuhi aliitundika pale kama mtu anayetundika koti. Sisi watoto wa Katoyi, mtaa mmoja wa Goma, tulijua kwamba redio ni kitu cha mezani na simu ni kitu cha dirishani.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kiislamu. Wazazi wake walitoka Maniema na biashara ya chumvi na vitambaa, naye aliuza vitenge sokoni. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa upande wa Bukavu. Kati ya ua wake na wetu kulikuwa na ukuta wa mawe meusi usiofika kifuani, na mengi yalipita juu yake: kaa la kuwashia jiko, sahani ya wali siku ya Idi, sahani yetu siku ya Noeli, na kisha habari za baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipanda njia ya Rutshuru hadi Kalengera kupakia maharagwe, akashuka akisimama Kibumba kuongeza viazi na kabichi, na kati ya kwenda na kurudi ziliweza kupita siku mbili au sita. Hilo lilitegemea mvua, gurudumu, na watu wenye bunduki ambao mwaka ule walikuwa wameshika njia. Mama hakuwahi kusema kwamba anaogopa. Alikuwa anafagia tu. Ukiona ua wetu umefagiwa mara tatu kabla ya saa sita, ujue baba amechelewa.

Kabla ya simu ile tulikuwa na foni. Ilikuwa redio ya kuongelea, ndani ya chumba cha mbao, na mwenyewe alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu. Ulisubiri zamu yako kwenye benchi, na mambo yako yalisikilizwa na benchi nzima. Kila ulipomaliza kusema ulitamka "avu", maana yake: sasa sema wewe. Namkumbuka mama akimwambia baba mbele ya watu kumi na mmoja kwamba mtoto wa mwisho ameota jino, avu. Baba akajibu kutoka Kalengera kwamba gurudumu limepasuka tena, avu. Mtu wa mwisho wa benchi akaingilia, "Mama, umuambie anunue ya mupya! Ile alishaishona mara tatu!" Benchi ikacheka. Mama akacheka pia, akasema "avu".

Kwa hiyo simu ya jirani ilipokuja, jambo la kwanza tulilolipenda ni kwamba haikuwa na benchi. Jambo la pili ni kwamba ilikuwa na bipu.

Muda wa kuongea tunauita uniti, na uniti zilikuwa ghali kuliko nyama. Lakini ukipiga, ukaacha simu ya mwenzako ilie mara moja au mbili, kisha ukakata kabla hajaichukua, hakuna kilicholiwa. Hiyo ndiyo bipu. Baba hakuwa na simu, ila njiani kila kituo kilikuwa na mtu mwenye simu, na mtu aliyekataa kukuazima uniti hakukukatalia bipu. Baba na jirani wakapatana, wakihesabu simu zilizopigwa, si milio. Bipu moja: nimefika salama. Bipu mbili: nimekwama, msiningoje kwa chakula. Bipu tatu: kuna neno, tafuteni njia ya kunipigia. Jirani alihesabu, akainua kichwa juu ya ukuta na kutangaza, "Moja!" Mama akaweka ufagio chini.

Sheria ilikuwa moja tu, na jirani aliifundisha hata wageni kabla hawajakaa: "Bipu hailiwi." Ukiichukua ile simu inayolia, umekula uniti za mtu aliyekuamini. Katika barabara yetu lilikuwa tusi. Mtoto akichukua mandazi ya mwenzake aliitwa mulabipu, na alilia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na daftari la mistari ambamo niliandika kila kitu: nani amepita, bei ya makaa, bipu ngapi, saa ngapi. Bado ninalo. Ukurasa wenye bipu niliyoila umechafuka, lakini unasomeka.

Mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ulipopasuka, mwaka 2002, baba alikuwa juu Kalengera akipakia. Moto ulishuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukaugawa Goma vipande viwili, na njia ya Rutshuru ikafunikwa. Sisi tulikuwa kipande cha magharibi. Tukatembea na wengine kwenye njia ya Sake. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani, mimi na godoro, na jirani alibeba robota la vitenge kichwani na ile soksi ya kijani imening'inia shingoni mwake kama rozari. Jirani hakupenda mfano huo nilipomwambia, lakini alicheka.

Tulilala katika darasa la shule pale Mugunga, watu kama sitini. Asubuhi jirani alizunguka na simu yake akitafuta mtandao kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Mnara mmoja mjini ulikuwa bado umesimama, na mtandao wake ulishika kwenye dirisha la tatu la darasa, juu kabisa, ukinyoosha mkono. Dirisha halikuwa na msumari. Jirani akanitazama, mimi niliyekuwa mrefu kuliko mama.

"Weye ndio musumari yetu leo," akasema. "Simama hapa. Usitikisike."

Nikasimama. Betri ilikuwa na mistari miwili. Uniti hazikuwepo, jirani alizimaliza jana yake akiwatafuta ndugu zake, na waliouza kadi za uniti walikuwa ng'ambo ya moto. Simu ile iliweza kupokea tu.

Sasa jambo lililokuwa linamsubiri mama lilikuwa hili. Mjomba wangu wa Bukavu alikuwa ametuma mtu na neno: kuna mashua inaondoka Sake kesho asubuhi, nafasi zetu zipo. Bukavu kulikuwa na nyumba, chakula na bibi. Lakini tukiondoka, na baba akishuka akitutafuta, angekuta nyumba tupu na mji uliokatika, asijue aanzie wapi. Na kama hashuki? Dereva mmoja aliyefika kwa kuzunguka alisema ameona lori la bluu limekaliwa na moto njia ya Kibumba. Lori la baba lilikuwa la bluu. "Malori ya bluu ni mengi," dereva akaongeza alipomwona mama, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama akachukua tawi la mkaratusi, akaanza kufagia darasa lenye watu sitini.

Saa nne kasoro dakika chache simu ililia mkononi mwangu.

Namba sikuijua. Ilianza na tarakimu za Rwanda, upande wa pili wa mpaka. Nilijua sheria, niliiandika mwenyewe kwenye daftari. Lakini mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa kunyooshwa, mama alikuwa ameacha kufagia, na kidole kikaenda chenyewe.

"Papa!"

Nikasikia upepo, kisha sauti yake, karibu sana.

"Niko mu—"

Ikakatika.

Nikaishusha simu. Jirani akasema polepole, "Umeikula."

"Alisema nini?" mama akauliza.

"Alisema, niko mu."

"Mu nini?"

"Mu. Basi."

Msomaji wa Mombasa au Tanga lazima nimweleze hapa. Kwetu hatusemi mzima, tunasema muzima. Hatusemi mgonjwa, tunasema mugonjwa. Na mu peke yake ni ndani ya kitu au mahali: mu nyumba, mu Kibumba. Kwa hiyo silabi ile moja ilikuwa mlango unaofunguka pande zote. Baba angeweza kuwa mzima, au mgonjwa, au popote duniani.

Darasa likagawanyika. "Muzima," akasema mama mmoja mwenye kuku. "Mutu wa kwanza anasema niko muzima." Mzee aliyelala karibu na ubao akatikisa kichwa: "Muzima anabipu, hasemi. Huyu alitaka kusema mugonjwa." "Ao mu Rwanda," akasema mwingine, "namba si ni ya kule?" "Ao mu shida," akasema dereva wa lori la bluu, na wanawake wawili wakamfokea kwa pamoja, "Weye nyamaza! Asubuhi ulishaunguza lori, sasa unataka kuunguza mutu?"

Mimi nililia. Nilijua kwamba kama nisingechukua, tungekuwa na bipu moja, mbili au tatu, na mama angejua la kufanya. Sasa tulikuwa na mu.

Jirani akanishika bega. Hakunifariji. Aliniuliza kama mtu wa polisi, na tangu siku ile ndivyo ninavyouliza watu maswali katika kazi yangu.

"Sikiliza muzuri. Acha neno. Sauti yake ilikuwa namna gani? Ya kulia, ya kuomba, ao ya kugomba?"

Nikafumba macho. Nikaisikia tena.

"Ya kugomba," nikasema.

"Hakika?"

"Kama vile ninapomwaga maziwa."

Jirani akageuka kwa mama. "Basi, mudogo wangu, ni muzima. Mugonjwa hana nguvu ya kugombeza mutoto. Umungojee bwana yako."

Mama akamtazama. Kisha akamwambia yule mtu wa mjomba kwamba nafasi za mashua wapewe wengine. Akaendelea kufagia, lakini sasa alifagia pale alipokuwa amesimama tu.

Siku ya tatu baba aliingia mlangoni mwa darasa. Alikuwa amekata kupitia juu ya ganda la mawe lililokuwa bado linatoa mvuke, na soli za viatu vyake zilikunjamana kama maganda ya ndizi. Alimshika mama kichwa kwa mikono miwili. Akambeba mdogo wangu. Kisha akatuangalia sote.

"Nani alikula bipu?"

Watu sitini wakaninyooshea kidole. Hata kuku alikuwa kama ananitazama.

"Papa," mzee wa ubaoni akasema, "utusaidie kwanza. Siku tatu hatulali. Ulikuwa mu nini?"

"Mu nini namna gani?"

"Ulisema, niko mu, ikakatika. Mu nini?"

Baba akakumbuka, akashika kiuno. "Niko mu simu ya mutu! Nilitaka kusema, niko mu simu ya mutu, kata!"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Mama mwenye kuku alikaa chini. Mama yangu alicheka kicheko ambacho sijakisikia tena tangu hapo, kilichoanza kama kilio kikageuka njiani.

Lakini baba hakucheka hadi mwisho, nami nililiona hilo. Jioni alinieleza. Mwenye simu alikuwa mama mmoja muuza viazi wa Kibumba, mwenye kadi ya ng'ambo, yaani ya Rwanda, kwa sababu mtandao wa ng'ambo ndio uliofika kwenye kilima chake. Mume wake alikuwa ameshuka Goma na viazi siku ile ya moto. Alikuwa amebakiza uniti za maneno machache, akazitunza kwa ajili ya kumtafuta mume mtandao ukitulia. Madereva waliokwama walipomwomba, alikubali, kwa sharti moja: bipu tu. Sita walibipu kabla ya baba. Simu haikupungukiwa kitu. Baba alikuwa wa saba, na kwake zikaisha zote.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alichukua simu yake, akaiangalia, akaiweka mu kitenge."

Njia ilipofunguliwa, baba alinipandisha kwenye lori akanipeleka Kibumba. Mfukoni nilikuwa na kadi mpya ya uniti za ng'ambo, aliyoinunua jirani kwa pesa za vitenge, akaniambia niseme imetoka kwangu. Yule mama tulimkuta akichambua viazi, vidogo huku, vikubwa kule. Nilikuwa nimeiandika hotuba yangu kwenye daftari. Sikuisoma.

"Ni weye?" akasema kabla sijafungua kinywa. "Ni weye ulikula bipu?"

"Ni mimi, mama. Unisamehe."

Alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. "Kumbe ni mutoto. Mi nilifikiri ni muke ya huyu muzee anamupenda sana." Baba akakohoa. Yule mama akaendelea kuchambua. Mume wake, akasema, alirudi kwa miguu siku ya nne, mzima, na mengi ya kusimulia. Siku hizo tatu katikati hakuzielezea, na sikumuuliza. Lakini nilizihesabu mwenyewe. Ni siku ambazo angeweza kujua, akakaa bila kujua, kwa sababu mimi sikuweza kungoja simu ilie hadi mwisho.

Alichukua kadi, akatia viazi kwenye kikapu changu hadi kikajaa, akavisukumiza kwa goti ili viingie vingine vitatu. "Mama yako apike," akasema. "Na weye ujifunze kuacha kitu kilie." Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile. Sijasikia yaliyo mafupi na ya kweli zaidi.

Simu zilibadilika haraka baada ya hapo, na sisi tukabadilika nyuma yake. Baba alipata yake mwenyewe, ndogo, nyeusi, yenye tochi. Kwa kweli alinunua tochi; simu ilikuja nayo. Kwenye mtaa usio na umeme, taa ile kichwani mwa simu ilimaliza ugomvi wa mishumaa, na mdogo wangu alisoma nayo hadi mtihani wa taifa. Tulizipeleka kuchajiwa kwa fundi mwenye jenereta, aliyezibandika vipande vya plasta ya hospitali na kuandika majina ya wenyewe. Ya kwetu iliandikwa "Papa Lori". Siku moja tulirudishiwa ya "Papa Lory", mtu mwingine kabisa, na mama akaongea kwa nusu wiki na shangazi wa watu wa Butembo kabla hajagundua. Shangazi huyo bado anatutumia salamu.

Zikaja simu za kadi mbili. Kila mfuko wa Goma ukawa na mpaka ndani yake, kadi ya huku na kadi ya kule. Miaka kumi baada ya mlima, waasi walipoingia mjini, mama aliizika simu yake ndani ya gunia la unga wa muhogo. Watu wawili wenye silaha wakasimama mlangoni wakiomba maji ya kunywa. Mama akawapa. Wakati huohuo shangazi wa Bukavu akapiga, na gunia likaanza kuimba. Hakuna aliyesogea. Yule mkubwa kati yao akamaliza maji, akarudisha kikombe kwa mikono miwili na kusema, "Mama, unga yako inaitwa." Wakaondoka wakicheka. Sijui walifanya nini kwenye nyumba nyingine. Kwetu walirudisha kikombe, na mpaka leo mama huwashukuru katika sala bila kusema ni akina nani.

Kisha zikaja za kugusa. Kioo hakikusikia kidole cha baba. Miaka thelathini ya usukani na jeki ilikuwa imekifanya gome la mti. Alijaribu, akapuliza, akajaribu, hadi akagundua kwamba kioo kinasikia fundo la kidole chake cha mwisho. Anaandika hivyo hadi leo, kama mtu anayebisha hodi. Lakini kuandika kunamchosha, kwa hiyo alipojua kwamba simu inaweza kubeba sauti, alirudi nyumbani kwake hasa, yaani kwenye foni. Ujumbe wake una dakika sita. Unaanza na hali ya hewa, unapita kwa majirani wote, na mwisho, kila mara, anasema "avu". Binti yangu aliniuliza avu ni nani.

Mlima ulipopasuka tena, miaka kumi na tisa baada ya ule wa kwanza, hatukukosa habari. Zilitujaa. Kila kikundi cha simuni kilisema lake: moto umefika uwanja wa ndege, haujafika, umefika ziwani, gesi inakuja, picha ni ya nchi nyingine. Simu zilitetemeka hadi zikaanguka mezani. Tulikimbia njia ileile ya Sake, na mimi nikiwa na habari mia mbili mkononi nilikumbuka darasa la Mugunga, tulipokuwa na silabi moja, na mwanamke mmoja aliyejua namna ya kuiuliza. Yeye alikuwa ameshafariki, kitandani kwake, kwa amani. Msumari bado upo. Wajukuu wake wanautundikia funguo.

Halafu waasi wakaingia Goma mara nyingine. Mimi nilikuwa Bukavu kwa kazi, na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Wazazi walikuwa Katoyi peke yao, baba hatembei tena bila fimbo. Umeme ulikatika, intaneti ikakatika. Ujumbe wangu wa mwisho kwa baba ulibaki na alama moja ya kijivu, ya ujumbe usiofika. Nilipiga, sauti ya mashine ikaniambia nijaribu baadaye. Niliandika daftarini kila saa niliyojaribu, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Sauti ya mwisho aliyoituma, kabla ya kukatika, ilisema wanajaribu kuhamia parokiani, kwa sababu risasi zilikuwa zimetoboa bati. Kati ya nyumba na parokia kuna kama dakika kumi na tano kwa mtu mwenye miguu miwili. Kwa mwenye fimbo sijui. Ndicho nilichotaka kujua, na hicho tu: wamefika?

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nachambua maharagwe. Simu ikalia mezani. Namba sikuijua.

Binti yangu akaruka. "Mama, chukua!"

"Usishike!"

Nilimkamata mkono hewani. Simu ikalia mara ya pili. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kimeshaichukua. Kidole peke yake ndicho kilichobaki. Ikanyamaza.

"Ju ya nini umeiacha?" binti yangu akauliza, karibu kulia. "Ilikuwa mutu!"

"Ndiyo. Ilikuwa mutu."

Tukakaa tukiitazama. Nilihesabu pumzi. Bipu ya pili ingemaanisha wamekwama. Ya tatu, kuna neno. Maharagwe yalikuwa mapajani mwangu, mabovu huku, mazima kule, na sikugusa hata moja. Ikapita dakika moja, zikapita tano. Zilipopita kumi, nilinyanyuka nikachukua ufagio, kisha nikaurudisha.

"Moja," nikamwambia binti yangu. "Bibi na babu wamefika."

Mtandao uliporudi, ujumbe wa baba uliingia, dakika saba. Hali ya hewa. Paroko, anayekoroma. Mama, aliyefagia parokia nzima hadi masista wakamnyang'anya ufagio. Bati. Majirani, mmoja mmoja. Avu. Kuhusu bipu hakusema lolote, kama vile mtu hasemi lolote kuhusu kusaini jina lake.

Basi nilichukua ile namba nisiyoijua nikaitumia uniti, kiasi cha kuongea kwa muda mrefu. Haikupita nusu saa, mwenyewe akapiga. Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya mtu mwenye haraka.

"Mama, samahani. Kuna uniti zimeingia kwangu kwa makosa, zimetoka kwako. Ninazirudisha namna gani?"

"Hazikukosea, papa. Ulimwazima baba yangu simu. Mzee mwenye fimbo, parokiani."

Akacheka.

"Ah, ule muzee wa bipu! Nilikuwa na uniti kidogo kabisa, nilizichunga ju ya kuita mama ya watoto wangu, hakukuwa na mahali pa kununua. Nikamuambia, muzee, na kama mutoto wako anachukua? Akaniambia, wewe nipe tu. Huyu hawezi kuikula. Alikula moja akiwa mudogo, ikamushibisha."